Yule Mjerumani wa Kwenye Filamu na Mgeni wa Riyadh

Jumatano, Jeddah. Joto la leo limeshika hadi vitasa vya milango, na mimi nasikia baridi.

Sijui ni nani husoma hapa. Naandika kwa simu nikiwa stoo, mlango nimeurudishia, adhana ya magharibi imetoka kuisha. Jina langu sitaliandika.

Ninaogopa.

Alasiri nilikuwa sebuleni na Bibi, nikimkanda miguu. Bibi ni mamake bosi. Alizaliwa Unguja, akaja huku baada ya mapinduzi, na Kiswahili chake bado ni kile kile cha kwao. Anapenda filamu za zamani za Waingereza, zile zisizo na rangi. Ya leo ilikuwa ya Mjerumani mmoja, mwanasayansi wa Kinazi. Vita vimeisha, amekimbilia mji mdogo Uingereza, amebadilisha jina, anauza dawa. Watoto wenye kikohozi wanapelekwa kwake, kina mama wanamletea keki. Kumbe wakati wa vita alikuwa akiwajaribia wafungwa sumu yake. Siku moja mwanamke aliyenusurika anaingia dukani kununua dawa ya kichwa, anamtambua, anatoka kwenda polisi.

Kuanzia hapo ni kuwindwa tu. Polisi, mbwa, mvua. Akajificha chumba kilicho juu ya bucha, taa amezima, anasikiliza buti zikipanda ngazi. Kamera ikamwonyesha uso tu, jasho linamtiririka.

Na mimi nikajipata naomba wasimshike.

Muuaji yule. Namwombea muuaji, kwa sababu najua vile mtu husikiliza ngazi.

Riyadh nilifanya kazi nyumba moja upande wa Sulimaniyah. Madam wa kule alinichoma mkono na pasi kwa sababu ya kanzu iliyobaki na mikunjo. Nikiomba kurudi Kenya, jibu ni mafi, hakuna. Pasipoti na ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, zilikuwa kwa mumewe, kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini. Siku moja wakiwa wamelala mchana nikatoka na nguo nilizovaa. Mkenya mwenzangu akanisaidia kufika Jeddah, na hapa Al-Rawdah nikapata kazi kwa kusema karatasi zangu zinashughulikiwa. Kule waliripoti nimetoroka. Kwa serikali, mimi ni wa kutafutwa.

Filamu haijaisha, kengele ikalia. Madam wa hapa, mkewe bosi, akaingia na rafiki yake wa zamani wa shule, amekuja kutoka Riyadh kwa harusi. Nikaleta kahawa na tende. Alipofunua uso nikamjua. Alikuwa akimtembelea madam wangu wa kule, na ni mimi niliyekuwa nikimmiminia kahawa.

Dele la kahawa likagonga kikombe. Akaniangalia.

"Wewe nimekuona wapi?" aliuliza kwa Kiarabu. "Hukuwa Riyadh?"

Nikainamia kikombe. Madam naye akageuka kunitazama.

"Huyo ni wa kwetu," Bibi akasema, macho yakiwa kwenye runinga. "Nimemwagiza mwenyewe kwa jamaa zangu Mombasa. Nyinyi mkiona sura nyeusi mnaona zote ni moja." Haikuwa kweli, nilijileta mwenyewe.

Mgeni akacheka kidogo, kisha akanitazama tena. Alipoondoka alikuwa tayari ameshika simu.

Bibi akaniita. Filamu ilikuwa imekwisha, sikuona mwisho wa yule mtu.

"Funga mlango. Kaa hapa. Umeua?"

"Hapana, Bibi."

"Umeiba?"

"Hapana, Bibi."

"Basi mbona watetemeka kama yule Mjerumani?"

Nikapandisha mkono wa nguo, akaona kovu. Nikamweleza yote. Aliushika mkono wangu mapajani mwake, akilitazama kovu, nikadhani amekasirika kwamba nilimdanganya.

"Miye Unguja nilitoka na kanga mbili na mtoto mgongoni," akasema. "Sikumuaga mtu. Anayekimbia moto si aliyeuwasha, mwanangu. Lakini yule mwanamke atasema. Bora tumtangulie."

Anataka kesho asubuhi bosi atupeleke ofisi ya kazi ya serikali, yeye na mimi, nikaseme mwenyewe yaliyonipata na mkono wangu uonekane.

Nilimuuliza wakinifunga je. Wakimwita kafili je.

"Siwezi kukuahidi kitu," alisema. "Ila hutaingia peke yako."

Nikamwambia ndiyo.

Madam alipita jikoni baadaye. Sijui alisikia nini. Alinipakulia wali, akaufunika, akaenda zake.

Tangu hapo kila gari likipunguza mwendo nje, natega sikio. Labda ndiyo nimejipeleka mwenyewe jela. Labda wiki ijayo niko kwa mama yangu.

Geti liko wazi sasa hivi, dereva anaosha gari. Ningeweza kutoka, Jeddah ni kubwa.

Nimevua viatu. Naenda kumpa Bibi dawa zake za jioni.