Salamu Zilizokataliwa Ijumbi

Jumatatu, 5 Mei 2025

Namshukuru Mungu kwa mvua iliyokoma kabla ya Misa. Ila mtandao wa zahanati ninaoutunza umekatika tena — saa sita kamili mchana, kama Jumatatu iliyopita! Ilipofika saa nane bado haukuwa umerudi, na Edvina alikuwa amekwisha kulala kitandani, Sista Klaudia ameshika kifaa cha ultrasaundi. Daktari bingwa yuko Bukoba. Huiona picha papo hapo kupitia mtandao na kumwongoza Sista mkono. Jumatatu tu, saa nane hadi saa kumi. Picha haikwenda. Mimba ya miezi saba, na damu inatoka kidogo kidogo. Mama mkwe asema ni uchovu wa kupalilia maharage. Mumewe, Clavery, yuko kambi ya uvuvi kisiwani Goziba, simu haipatikani. Bila neno la daktari, nyumba ile haitamruhusu kusafiri.

Saa kumi na mbili jioni mtandao ukarudi wenyewe. Daktari alikwisha kuondoka.

Jumanne, 6 Mei 2025

Nimempigia Mastura, fundi wa mitandao kwenye hospitali ya Bukoba. Binti mwenye adabu. Hutanguliza shikamoo hata akiwa na haraka. Amenifafanulia, nami naandika nisisahau. Ruta yetu, kile kisanduku cha mtandao, na ruta ya Bukoba husalimiana kila sekunde kumi. Ndivyo zijuavyo kwamba njia i wazi. Kila salamu hubeba muhuri wa siri. Muhuri hubadilika kila Jumatatu saa sita mchana, pande zote mbili, bila mtu kugusa. Usipolingana, salamu hutupwa na njia hufungwa.

Akaniagiza nisome idadi ya zilizotupwa jana. 2,160.

"Ni mvua tu hiyo, Mwalimu," akasema.

"Mvua haina hesabu nzuri namna hii, mwanangu."

Nilifundisha hesabu seminari ndogo miaka thelathini na mmoja. 2,160 mara sekunde kumi ni saa sita. Saa sita kamili! Lakini kwa nini sita?

Alhamisi, 8 Mei 2025

Edvina ameniletea ndizi, yeye na hali ile! Nimemkemea kwa upole. Akaniita baba kwa Kihaya: "Tata, mashine yenu imepona?" Midomo imempauka.

Ijumaa, 9 Mei 2025

Mungu amenifumbua macho, na aibu imenijaa.

Kengele ya adhuhuri ya Malaika wa Bwana ililia, nikatazama saa yangu ya mkononi. Mshale mfupi kwenye sita. Kwenye saa ya ukutani, juu ya kichwa cha Sista, mshale kwenye kumi na mbili. Marehemu baba alinifundisha kuirekebisha saa ionyeshe kile tunachotamka: tukisema saa sita, mshale uwe kwenye sita. Sijawahi kuibadili.

Nikaketi. Tarehe 22 Aprili radi ilizima umeme, ruta ikapoteza majira. Mastura akanielekeza kwa simu niiandikie saa. Nikatazama mkono wangu, nikaandika. Mimi! Tangu siku ile ruta yetu iko nyuma saa sita. Bukoba ikibadili muhuri adhuhuri, yetu huamini ndiyo kwanza kunakucha. Hungoja hadi jioni.

Nilipomweleza Mastura, alicheka hadi akapaliwa. "Babu, hiyo saa ipelekwe makumbusho!" Tumerekebisha. Namshukuru kwa kicheko kile; angeweza kunifokea.

Edvina sijamwambia.

Jumapili, 11 Mei 2025

Nimeungama. Padri asema ni kosa, si dhambi. Ila kunyamaza kutaligeuza kuwa dhambi. Usiku wa leo nimwombee Edvina.

Jumatatu, 12 Mei 2025

Saa sita mchana nilisimama mbele ya ruta, rozari mkononi. Zilizotupwa: sifuri. Dakika moja — sifuri. Tano — sifuri. Deo gratias, shukrani kwa Mungu!

Saa nane daktari akaonekana. Mara akamwambia Sista asimamishe mkono hapo hapo. Kondo la nyuma limeziba mlango wa uzazi. Aletwe Bukoba leo hii, amelazwa, asitembee hata hatua. Mama mkwe hakubisha. Alikunja kanga za safari mwenyewe.

Ndipo nikamwambia Edvina: juma zima ulilongoja lilitokana na mimi. Nikamweleza yote. Akanisukumia mto wake.

"Basi twende wote, Tata. Utanishikia mto."

Tulipombeba hadi mlangoni, aliuliza kama tutafika kabla ya giza. Niliinua mkono, nikaushusha, nikamwomba Sista Klaudia asome saa yake. Tisa na robo.

Naandika garini, mto magotini pangu, kichwa cha Edvina juu yake. Tumekwisha kuingia lami. Mastura amepiga: wanatusubiri mlangoni na machela. Asante, Bwana, kwa kila anayesubiri. Amesinzia. Shuka lake bado jeupe, hakuna tone la damu. Nalitazama tena —