Usawa wa Kituo

Dada mpendwa,

Usawa, kwa mujibu wa mkataba nilioutunga, ni hali ya sakafu ya basi na jukwaa la kituo kuwa na kimo kimoja, ili gurudumu lipite bila kuinuliwa. Sisi hatujambo, paka wako amezaa tena.

Mkandarasi alijenga jukwaa, likapungua kimo kwa upana wa kidole. "Mhandisi, kidole tu!" alinisihi. Nilikataa kukipokea kituo mpaka alipomwaga zege upya. Jana tulijaribu basi la kwanza, na abiria wa kwanza alikuwa Mama, katika kiti chake cha magurudumu. Watu wakamkimbilia wamwinue.

"Niacheni! Mimi si gunia la mkaa!"

Akajisukuma mwenyewe, akaingia kama maji mtungini. Mkandarasi alishangilia kuliko sote.

Mama alicheka mpaka akatokwa na machozi, kisha akauliza njia hii inaishia wapi. Nikamwambia ni mtaani kwako. Tangu mlipokosana hakuwahi kulitaja jina lako, jana alilitaja.

"Na mlangoni kwake," akauliza, "kuna usawa?"

Mkataba wangu unakomea jukwaani, dada. Nimjibu nini?

Mdogo wako akupendaye