Kuku wa Ufuoni na Kicheko cha Mama

Jumapili, Kawangware. Mvua inapiga mabati hadi sisikii redio, lakini roho yangu leo imetulia.

Jana tulirudi kutoka Kilifi, mimi na mama mkwe wangu. Mume wangu Mutua alifariki mwaka jana. Baada ya mazishi, mama yake alitoka Kitui akaja kukaa na mimi. Sikumwita. Chumba ni kimoja, pazia katikati, na muda huo wote hakuwahi kutaja jina la mwanawe. Mimi pia niliogopa kulitaja.

Wifi yangu Mueni, anayeishi Kilifi, ndiye alitualika. Nilijua anataka mama abaki kwake. Nilikubali haraka, halafu nikaona aibu vile nimefurahi.

Asubuhi ya kwanza tukampeleka baharini. Hakuwa ameiona maishani. Maji yalikuwa yamerudi mbali, mwani umetapakaa mchangani. Mueni akangoja mama ashangae.

Mama hata hakuangalia maji.

"Hawa kuku ni wa nani?"

Walikuwa kuku wa kienyeji wa kawaida tu, wakichakura mwani pamoja na kunguru na shomoro. Jogoo mmoja akadona kaa mdogo. Kaa akamng'ang'ania kidole. Jogoo akatoka mbio akipiga kelele, kaa bado ananing'inia! Mama alicheka mpaka akaketi chini.

"Mutua angeshamkimbilia amtoe huyo kaa," akasema. "Kuku wakiwa wagonjwa alikuwa analala nao, huyo mtoto."

Hiyo sikuijua. Mutua hakuwahi kuniambia.

Tukakaa hapo hapo. Mama aliongea mpaka maji yakaanza kujaa na kuku wakapanda juu kwa manyumba. Mimi nililia, yeye akanifuta na leso yake.

Siku ya kuondoka, Mueni akamwomba abaki. Mama alikuwa ameshafunga mzigo.

"Na Akinyi atakula na nani?" akauliza, akinionyesha mimi.

Na mimi nilikuwa nadhani mimi ndiye ninayemtunza.

Sasa hivi yuko kwa jiko, anakoroga uji. Ameniuliza bila hata kugeuka, "Alikuwa bado anaimba akioga?"

Alikuwa anaimba, na vibaya sana. Majirani wa ploti walikuwa wanamgongea mlango wa bafu. Wacha niache kuandika, niweke simu chini nikamweleze.