Bonde la Upande wa Ukutani

2 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila mimi macho yamekuwa mekundu kwa kukesha. Mjukuu wako Kifurushi kaota jino na ananing'ata bila haya. Wewe je, unakula, au bado ni chai kavu halafu unasema umeshiba?

Godoro limefika, asante. Baba Kifurushi alilipandisha kitandani chaga zikalia. Mshono nimeutambua, ni wako ule usiofumuka. Ila kuna jambo. Mimi nalala pembeni, mtoto katikati, na baba yake kahamia kwenye kochi kukimbia kilio cha mtoto. Upande wa ukutani hakuna mtu. Lakini kila asubuhi nakuta bonde pale, kama mtu mzima ameinuka sasa hivi. Nalikung'uta, natandika shuka upya. Kesho yake lipo. Kifurushi hulala amelielekea, anacheka nalo. Baba yake anasema ni uchovu wangu.

Baba, godoro hili ulilijaza sufi gani?

Mwanao

11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Huyo mng'ataji mwambie babu yake hana tena meno ya kumlipizia. Mimi nipo, napumua.

Umeuliza, na kukudanganya sijawahi kuweza. Ni sufi ya godoro letu, mimi na mama yako. Unaijua kanuni ya karakana yangu: godoro la marehemu hufumuliwa, sufi ikaanikwa, ikachambuliwa, kisha ikachanganywa na sufi nyingine ili mwenyewe asiirudie, ndipo ishonwe. Wateja wote nimewafanyia hivyo. Ya mama yako, mkono ulikataa kuichanganya. Nikasema, acha aende kwa mjukuu ambaye hakumwona, huenda akatulia.

Sasa nalala kwenye sponji jipya, tambarare kama meza. Nageuka, nashika ukuta. Nirudishie.

Baba yako

15 Mei

Baba,

Shikamoo. Salamu zako nimempa Kifurushi, kajibu kwa kucheua.

Sirudishi. Usinikasirikie, nisikilize kwanza. Jirani yako fundi mapazia aliniambia kwamba tangu mama aondoke hutoki kitandani mpaka jua la utosi, karakana umeifunga, unaongea peke yako. Nikakuomba uje ukae nasi, ukasema huwezi kumwacha mama. Haya, mama sasa yuko huku. Kama unamtaka, mfuate.

Tumetoa kabati ukumbini na kutundika pazia la kukugawia chumba. Godoro litakuwa lako. Tutalifumua wote wawili, juani, na sufi tutaichanganya. Mimi na mtoto tumeshahamia mkekani. Mama nampenda, baba, lakini usingizi wa mwanangu sigawani na mtu.

Mwanao

30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimenuna kwanza ndipo nikashika kalamu. Kwa ukaidi huo wewe ni mama yako mtupu, na yeye pia sikuwahi kumshinda.

Kifua kinanibana kidogo, usianze kuhangaika. Sindano ndefu na uzi nimeshatia mfukoni. Nakuja Jumamosi. Mwambie mama yako asijitandaze, aniachie nafasi.

Baba yako

Jumapili, asubuhi

Baba,

Shikamoo. Kifurushi hajambo, ndiyo kwanza kaamka.

Jana tulikungoja kituoni. Basi la mwisho likashusha watu wote, kondakta akaniuliza namtafuta nani, nikazidi kuchungulia madirishani. Tukarudi. Godoro nilikuwa nimelitandika ukumbini, shuka safi, foronya mbili. Nikaacha pazia wazi. Hakuna aliyelilalia, nakuapia.

Leo mabonde ni mawili. La ukutani nalijua. La pili ni refu, limelala ubavu, limelipa mwenzake mgongo, kama mlivyokuwa mkilala mkinuniana. Nikaweka kiganja. Lina joto.

Nikamwita baba Kifurushi. Alisimama mlangoni, na safari hii hakusema ni uchovu. Alichukua begi akaanza kutia nguo za mtoto.

Sijalikung'uta. Barua hii siipeleki posta. Nakuja nayo mwenyewe, Kifurushi mgongoni. Kama umechelewa tu basi, baba, fungua mlango unifokee kwamba nimekukosesha godoro lako. Nifokee mpaka majirani watoke.

Mwanao