Sukuma Wiki Yangu ya Mountain View

Dada Mwikali,

Sasa? Ndugu yako amezaliwa na nyota. Kipande changu cha shamba hapa Mountain View kimetoa sukuma wiki ambayo matajiri wa Hurlingham wanaifuata kwa magari. Hizo ghorofa za Upper Hill unazoona kwenye picha, chakula chao cha mchana kinanitegemea mimi.

Siri ni usafi. Nilifyeka nyasi zote za ukingoni, nikapiga dawa, halafu nikafagia katikati ya mistari kama uwanja wa kanisa siku ya harusi. Jirani yangu Mama Achieng', ambaye ukingo wake ni kichaka cha aibu, alicheka hadi akashika kiuno. Akafunua nyasi zake, akanionyesha buibui anayekokota mfuko wa mayai, na mwenzake aliyebeba watoto mgongoni kama basi la shule.

"Hawa ndio wananimalizia wadudu," akasema. "Wako watazalia wapi, fundi wa usafi? Kwa kitanda yako?"

Nikamwambia mimi nimesoma mpaka darasa la saba. Akacheka upya.

Sasa dada, juzi nilikupigia simu nikakuamuru ufyeke ukingo wa kunde zako. Tafadhali weka panga chini. Kunde hizo ndizo chakula cha Mama na watoto, usizichezee kwa sababu ya mdomo wangu.

Mwambie Mama ninampenda, na kwamba ninanenepa.

Nduguyo, Musyoka

Ile sukuma ya matajiri ni ya Mama Achieng'. Yangu ililiwa na viwavi ikabaki vijiti, na jioni ninakula ya kuomba kwake.