Siji Huko, Mama Mdogo

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Barua yako imefika. Jibu lake naliandika wazi, libandikwe kwenye gazeti la ukutani la shule yetu, kwa sababu walioondoka kama wewe ni wengi na sina anwani zao. Unanijua, mimi si msemaji. Darasani nikiitwa kusoma kwa sauti, huruka mistari. Kalamu yangu hairuki, kwa hiyo nisikilize.

Umeandika kwamba hurudi tena, na kwamba nikimaliza kidato cha sita utanitafutia nafasi huko ng'ambo, nisomee vinasaba kama wewe, kisha nibaki. "Morogoro utasomea nini, mwanangu? Hakuna mashine." Sentensi hiyo nimeirudia mpaka karatasi imelegea kwenye mkunjo.

Unakikumbuka kile kisamvu? Ulikuwa umeshuka kutoka Matombo, shambani kwa bibi, na mfuko wa majani ya muhogo yenye ugonjwa wa batobato, yamekunjamana na kuingia manjano. Ulitaka kuyafikisha maabara kesho yake, ijulikane ni kirusi gani kinachoimaliza mihogo yetu. Ukauacha mfuko jikoni kwetu Kihonda, ukaenda kuoga. Bibi alikuwa kwetu wiki ile kwa ajili ya matibabu ya macho. Akayapapasa majani, akaulizia kinu.

"Mama, majani yangu yako wapi?"

"Hayo hapo yanatokota na nazi. Na wewe msomi mzima hujui kuchagua kisamvu? Majani yamechoka kama matambara ya kudekia!"

Baba alicheka mpaka akakaa chini. Hakuwa amecheka hivyo tangu kiwanda chao kibinafsishwe naye akapunguzwa kazi. Wewe ulijipakulia, ukala, ukasema, "Huu ni utafiti wa kwanza kuliwa na wananchi wenyewe." Kesho yake ukapanda tena mlimani kuchuma mengine. Huyo ndiye mama mdogo ninayemjua mimi.

Majani yale ya pili mliyatuma ng'ambo, kwa kuwa hapa hakukuwa na mashine ya kusoma herufi za vinasaba. Tulingoja msimu mzima, ikarudi karatasi moja tu: sampuli zina virusi vya batobato. Uliipiga karatasi ile mezani.

"Hilo hata mbuzi wa Matombo wanalijua! Herufi ziko wapi? Wamesoma wao, sisi tumesimuliwa."

Ndipo ulipoanzisha darasa la Jumamosi, sebuleni kwetu. Alikuja Bwana Mkude, fundi wa maabara yenu, na Mama Anita, mtafiti mwenzako. Ulikata mifuko ya saruji kuwa vipande virefu, vyembamba. Tukaandika juu yake herufi za virusi ulizozitoa kitabuni, zile herufi nne zinazojirudia, tukavilaza vipande kimoja chini ya kingine na kuvisogeza mpaka herufi zikalingana. Pasipolingana, baba alitia alama ya chaki. "Kompyuta haituzidi akili," ulituambia. "Inasogeza haraka tu." Umeme ulipokatika, Bwana Mkude alisema, "Endeleeni, saruji haina mgao."

Kisha ukapata nafasi ya mafunzo ng'ambo. Tulikusindikiza mpaka stendi ya mabasi Msamvu, nikakubebea kikapu cha ndizi, ukaniahidi kwamba ukirudi nitakuwa bado sijakupita urefu. Nimekupita zamani.

Barua yako ilipofika, Bwana Mkude aliisoma mbele ya darasa. Akaikunja polepole.

"Basi. Mwalimu ameaga, na mwanafunzi naye anaitwa. Tufunge tu, kila mtu akauze mitumba."

Mama Anita akachukua mkoba wake. Baba alikuwa akitazama mikono yake. "Kiwandani ilikuwa hivihivi," alisema. "Mashine zilipobebwa, tukadhani na ujuzi umebebwa."

Nikasikia sauti ikisema, "Kaeni. Mimi sijaaga." Ilikuwa yangu.

Walikaa. Unajua, safari hii Bwana Mkude alipotuma majani ng'ambo, ya Matombo na ya Dumila kule bondeni, aliandika kwa wino mwekundu kwamba tunataka herufi zetu zote. Zilirudi baada ya miezi, kwenye disketi; ndiyo maana nimechelewa kukujibu. Bwana Mkude na Mama Anita wakazichapa ofisini, tukazihamishia kwenye vipande vya mifuko ya saruji, nami ndiye niliyezisoma kwa sauti, mstari kwa mstari. Sikuruka hata mmoja. Chaki ya baba ilizidi kugonga meza, na kompyuta kuukuu ya ofisini ikaja kusema vilevile: kirusi cha shambani kwa bibi si kile cha Dumila. Kwa hiyo vipando vinavyostahimili ugonjwa kule bondeni visigawiwe mlimani kabla ya kujaribiwa mlimani. Hakuna aliyetusimulia. Tumesoma wenyewe.

Ndiyo, mashine ya kuzitoa herufi kwenye jani bado hatuna. Hilo nalijua. Lakini sitakubali kwamba mahali pasipo na mashine hapana watu. Kwanza mashine ikija kesho, itamkuta nani, ikiwa sote tumekufuata wewe?

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Kwa hiyo una haki ya kuniita, na mimi si wa kukujibu ovyo. Lakini ukoo huohuo unanipa nami haki ya kukudai. Sidai zawadi. Tutumie ulichojifunza, hata kwa disketi, tukigombanie Jumamosi kama zamani. Au kilete mwenyewe. Nakukumbuka sana, na hasira yangu yote imetoka humo.

Mimi siji. Nitasoma hapa, na nikitumwa huko kujifunza, nitarudi na herufi zangu.

Bibi anakusalimu. Anauliza kama huko umejua kuchagua kisamvu.

Siku ukirudi, ingia tu, Jumamosi mlango hatufungi. Utakuta meza ni ileile, ila kwenye kiti chako amekaa mtu. Usimwondoe. Vuta kingine, ukae karibu naye.

Mwanao wa Kihonda,
Upendo