Gari la Athumani Halikulia

Jumatano, mwezi wa sita, 1966

Tangu alfajiri kunanyesha rasharasha za kusi, na jua linawaka vile vile. Nimeamka, nimeswali, nimekunja msala. Sina ninachohisi. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyo.

Leo gari la Athumani limeondoka.

Athumani mume wangu alikuwa karani bandarini, upande wa Mbaraki. Alianguka kazini asubuhi moja, na kabla ya adhuhuri tukaletewa habari kwamba hatunaye. Tangu siku hiyo mimi ni kizuka. Nakaa eda hapa Kibokoni, katika nyumba ya mama yake tuliyoishi sote, juu ghorofani. Sitoki, sipaki wanja, sijitii manukato. Hayo hayanisumbui. Linalonisumbua ni kwamba sijalia hata mara moja. Wanawake waliokuja matangani walikuwa wakinitazama kwa pembeni, na mmoja akasema, kwa sauti ya kutaka nisikie, kwamba nina macho makavu. Nilisikia na nikaendelea kupanga vikombe. Ningefurahi kama ningekasirika.

Gari lenyewe ni la spoti, la kijani, la viti viwili, alilolinunua kwa Mwingereza wa bandarini aliyerudi kwao baada ya uhuru. Athumani hakuridhika na bomba la moshi alilolikuta nalo. Akaagiza jingine Ulaya, lililotengenezwa na kiwanda cha watu wengine kabisa, si wenye gari, pana zaidi na lenye sailensa ya namna yake. Alinieleza mezani mpaka wali ukapoa. Sailensa ya asili ndani ina kuta, alisema. Moshi unazungushwa humo na ngurumo inapotelea njiani. Hii yake haina kuta. Ina bomba lenye vitundu lililozungushiwa nyuzi za kioo, moshi unapita moja kwa moja, na injini inapumua. Nikamwuliza, injini ikipumua, sisi tutalala saa ngapi? Akacheka sana. Alikuwa mwepesi wa kucheka, yule bwana.

Mtaa mzima ulilijua gari lile kwa masikio. Kila likinguruma watoto walikuwa wakisema, "Lalia hilo, lalia."

Adui yake alikuwa kutu. Mimi nilidhani ni chumvi ya bahari tu, akanikatalia. Bomba la gari la kisiwani huoza kutoka ndani, alisema, kwa sababu safari zake ni fupi. Kutoka hapa hadi Mbaraki halipati moto wa kutosha, na maji yanayokuja na moshi yanabaki humo humo. Kwa hiyo kila Jumapili alilivusha daraja la Nyali akaenda nalo mwendo mrefu. Alikuwa akisema anakwenda kulikausha. Mimi nilijitia buibui nikapanda, na huko njiani hatukusikilizana hata neno moja kwa kelele.

Gari haliingii kwetu, njia ni nyembamba. Lakini akikata kona ya Ndia Kuu, sauti ilibanwa na kuta za nyumba ikaja mpaka jikoni kwangu. Kati ya sauti ile na hatua zake ngazini nilipata wasaa wa kubandika maji ya chai na kutoa kikombe chake cha buluu. Ndivyo tulivyoishi. Siku aliyokufa alikwenda kazini kwa miguu, maana gari lilikuwa kwa fundi, bomba limepasuka. Nilikuwa naoga. Sikumsikia akiondoka.

Baada ya matanga, shemeji yangu Badi, mdogo wake Athumani, akalitoa gari kwa fundi likishatengenezwa, akawa analileta hapo mdomoni mwa njia yetu na kuliwasha mara kwa mara, betri isife. Kila akiliwasha mimi nainuka, nabandika maji, natoa kikombe cha buluu. Sifikirii. Nashtukia tu chai imechemka na hakuna wa kuinywa, naimwaga. Sikumwambia mtu.

Juzi Badi alikuja akasimama nyuma ya mlango wa chumba, kama ilivyo adabu.

"Shemegi, kuna daktari wa meno wa Ganjoni yuwalitaka gari. Ila yuwataka lirejeshewe sailensa yake ya kwanza, kelele zile haziwezi. Nawe una haki yako humo. Sitafanya neno mpaka uridhie."

Sailensa ya kwanza ipo, ilikuwa chini ya ngazi, imefungwa gunia. Athumani hakuwa mtu wa kutupa kitu.

Niliogopa, na nakiri hapa kwa kuwa sina pengine pa kukiri. Nilidhani siku nikilia, itakuwa ni kwa ajili ya sauti ile. Ikiondolewa kabla sijalia, je, nitabaki hivi hivi? Lakini gari likiendelea kukaa litaoza, na hapa hakuna tena wa kulikausha. Nikamwambia nimeridhia, ila aliache lilie mara moja kabla fundi hajaligusa.

"Inshallah," akasema. Hakuuliza sababu.

Basi leo asubuhi Badi amekuja na Fundi Karisa, yule wa gereji ya Mbaraki aliyekuwa akilishughulikia siku zote. Badi akaliwasha, akakanyaga mafuta kwa nguvu. Sauti ikaja, ile ile. Nilikuwa nimekaa kitandani nimefumba macho, nimejiweka tayari kabisa.

Hakuna chozi.

Miguu ikanipeleka jikoni. Maji, kikombe. Badi akazima.

Kazi yote nimeifuata kwa masikio. Jeki, kisha nyundo kwenye boliti zilizoshikana kwa kutu, kisha msumeno. Nilijua kwa nini msumeno: bomba la Athumani ni pana na mdomo wa sailensa ya zamani ni mwembamba, haviingiani mpaka kikatwe kipande cha kuviunganisha. Nilishangaa kujua hivyo. Kumbe mezani nilikuwa namsikiliza. Nikamsikia Karisa akilalamika chini ya gari, "Huyu bwana alitaka gari au ndege?" Badi akacheka, kisha akamwombea rehema.

Halafu kukawa kimya. Nikajua wamemaliza. Nikakaa karibu na dirisha, nikangoja liwashwe. Nilitaka angalau hili la kuondoka nilisikie.

Nimengoja. Chai imepoa, nimeipasha moto, nimerudi kungoja.

Mara nikasikia mtu anapanda ngazi polepole, anapumzika, anapanda. Ni Mama, mkwe wangu. Magoti yanamsumbua na siku hizi hapandi juu. Akaingia, akashika kiti.

"Wangoja nini hapo?"

"Nangoja gari liondoke, Mama."

"Lishakwenda kitambo, mwanangu. Halikulia."

Akakaa. Hakunitazama, alikuwa akikitazama kikombe cha buluu pale mezani, kitupu, na chai kando yake. Nadhani alielewa papo hapo. Akaniambia kwamba kila Badi akiliwasha gari, yeye huko chini huondoa komeo la mlango, kama alivyokuwa akimfungulia mwanawe, kisha husimama pale na mkono mtupu.

"Hata leo nimeliondoa," akasema. "Nimepanda kukwambia. Nimechoka kulirejesha peke yangu."

Natamani niandike hapa kwamba nililia. Sikulia. Nilimimina chai katika kikombe cha buluu nikampa, akainywa yote, na hii ndiyo chai ya kwanza ambayo sikuimwaga. Kisha tukashuka, yeye mbele akishika ukuta, mimi nyuma nikimshika kiuno. Komeo ni la mti wa zamani, zito, linataka kusukumwa na wawili. Tukalirejesha.

Sasa mvua imekatika. Mama amelala chumbani kwangu, amekataa kurudi chini.

Kesho nitabandika maji bila kungoja kusikia kitu. Nitatoa vikombe viwili.